Hilo Kosa Kalisema Nani?

Ujumbe huwa unakuja kwa namna ileile. "Shikamoo mwalimu, programu yangu inakataa," halafu inafuata picha ya skrini iliyokatwakatwa, umebaki mstari mmoja tu wa mwisho:

collect2: error: ld returned 1 exit status

Naitikia marahaba, kisha naomba picha nzima. Mstari huo hauna msaada kwa yeyote. Unachosema ni kwamba kuna mwenzake aliyeshindwa kazi, na sababu ya kushindwa iko mistari miwili mitatu juu yake, palepale mkasi ulipopita.

Nawasaidia vijana wa vyuo wanaojifunza lugha ya C, wengine wana laptopu zenye Linux, wengine wana simu tu. Kwa ninavyowaona, C yenyewe haiwasumbui sana. Kinachowasumbua ni kudhani wanazungumza na mtu mmoja anayeitwa kompaila, mgeuzaji wa msimbo kuwa programu, mkali, asiyeeleweka, anayetukana kwa Kiingereza. Kumbe nyuma ya ile amri fupi wamejipanga wasemaji kadhaa, kila mmoja ana kazi yake na malalamiko yake. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa halihusu msimbo. Huwa nauliza: hilo kosa kalisema nani?

Chukua programu hii ndogo, uihifadhi kama salamu.c:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
    printf("Habari za jioni\n");
    return 0;
}

Kwenye terminali unaandika amri mbili:

gcc salamu.c -o salamu
./salamu

Hiyo gcc unayoiita haikompaili chochote kwa mikono yake. Ni mkandarasi. Anapokea kazi, anaangalia faili linaishia na herufi gani, halafu anawaita mafundi. Ongeza -v kwenye amri uone wanavyoitwa mmoja mmoja: cc1 anayegeuza C kuwa lugha ya asembli, as anayegeuza asembli kuwa namba za mashine, na collect2 ambaye naye anamwita ld, yaani linka, aunganishe vipande. Priprosesa, anayeshughulikia mistari inayoanza na alama ya reli, siku hizi kahamia ndani ya cc1, lakini ukitaka kumwona peke yake unatumia -E. Jaribu kwenye salamu.c. Vijistari vyako sita vinarudi vikiwa mamia, kwa sababu stdio.h yote na ndugu zake wamemwagwa humo.

GCC yenyewe ilitoka mwaka 1987, kazi ya Richard Stallman, kwa ajili ya mradi wake wa programu huru, GNU, alioutangaza Septemba 1983. Ilikuwa kompaila ya C peke yake. Lugha nyingine zilikuja kuongezwa, na mwaka 1999 kundi lililokuwa limejitenga na kuendesha toleo lake liitwalo EGCS likarudi likawa ndiyo GCC rasmi.

Usipoweka -o, programu yako itaitwa a.out, na watu wengi huuliza jina hilo limetoka wapi. Ni la Bell Labs, Marekani, enzi Ken Thompson na Dennis Ritchie wanaijenga Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye mashine ya PDP-7. Wakati huo hapakuwa na linka. Kilichotoka kwa asembla ndicho kilichoendeshwa moja kwa moja, na a.out ni ufupisho wa assembler output, yaani kilichotoka kwa asembla. Leo linka yupo, muundo wa faili umebadilika na kuwa ELF, ila jina limegoma kuondoka.

Tuwasikilize wasemaji sasa.

Wa kwanza ni sheli, si ile ya mafuta, ni bash inayosoma unachoandika. Kijana kakompaili vizuri kabisa, kaandika salamu, kajibiwa "command not found". Anarudi kuhangaika na msimbo wake ambao hauna kosa lolote. Sheli imetafuta programu ya jina hilo kwenye orodha ya folda iitwayo PATH na haikuiona, basi. Kwenye Linux folda uliyomo haiwekwi kwenye orodha hiyo, na ni kwa makusudi: mtu asije akakuachia programu ya hovyo iliyopewa jina la ls, ukaiendesha bila kujua. Ndiyo maana unaandika ./ kabla ya jina. Anayenichekesha zaidi ni yule anayeiita programu yake test. Akiandika test hapati kosa, hapati jibu, hapati chochote. Sheli ina test yake ya ndani, imeiendesha, imemaliza, na haikuwa na cha kuandika.

Wenye simu wana lao. Kwenye Termux, ile programu inayokupa terminali kwenye simu ya Android, hakuna gcc halisi. Ukisakinisha kifurushi cha clang, amri ya gcc nayo inakuwepo, lakini inakupeleka kwa clang, kompaila ya mradi wa LLVM ulioanzishwa na Chris Lattner akiwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Kwa kazi za darasani hutaona tofauti kubwa. Utakachokiona ni "Permission denied", pale unapoiweka programu kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, kule kwenye picha na nyimbo. Android haikubali faili la huko liendeshwe, hata ulipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x mara ngapi. Msimbo unaweza kubaki huko, ila programu iliyokompailiwa iweke kwenye folda ya nyumbani ya Termux.

Msemaji wa pili ni priprosesa, na huku kwetu ana kesi moja inayojirudia kuliko zote:

fatal error: conio.h: No such file or directory

Nikiiona hiyo najua kijana ana notisi za fotokopi. Kuna vyuo ambavyo notisi za C zimerithishwa tangu enzi za Turbo C, kompaila ya Borland iliyotoka mwaka 1987 kwa ajili ya MS-DOS, ile yenye skrini ya bluu. Turbo C ilikuwa na faili lake la conio.h, na ndani yake clrscr() ya kufuta skrini na getch() ya kusubiri ubonyeze kitufe. Vitu hivyo havijawahi kuwemo kwenye C rasmi. Vilikuwa vya DOS na jamaa zake. Mwanafunzi wa leo mwenye Ubuntu ananakili mfano wa ukurasa wa kwanza wa notisi, na kabla kompaila haijaonja hata mstari mmoja wa C, priprosesa kashasema hilo faili sijaliona. Nina chuki kidogo na notisi hizi, nakiri. Mtoto wa watu analipa ada, anafundishwa void main(), halafu anaambiwa kompyuta yake ndiyo mbovu.

Hapo ndipo hadithi inaponoga. Kijana anaufuta ule mstari wa conio.h lakini clrscr() anaiacha ndani ya main. Sasa nani atasema? Inategemea mwaka wa kompaila yako. C ya miaka ya 1970 iliruhusu kuita fanksheni ambayo hujaitangaza popote. Kompaila ilikisia tu kwamba itarudisha namba kamili, ikaendelea na safari. Kiwango cha mwaka 1999 kikaiondoa ruhusa hiyo, lakini GCC ikaendelea kuvumilia kwa kutoa onyo tu, kwa kuwa kulikuwa na msimbo mwingi wa zamani ambao ungevunjika. Kwa hiyo ukiwa na GCC 13, ambayo ndiyo inayokuja na Ubuntu 24.04, kompaila inanong'ona onyo na kupitisha kazi, kisha linka ndiye anayekuja kugoma kwamba hiyo clrscr haijui. Toleo la GCC 14, Mei 2024, likafunga mlango. Sasa ni kosa kamili na linasemwa na kompaila yenyewe, kazi haifiki hata kwa linka. Clang ilishafanya hivyo mwaka mmoja kabla. Vijana wawili, notisi moja, msimbo uleule herufi kwa herufi, mmoja ananitumia malalamiko ya linka na mwingine ya kompaila, kila mmoja anaapa mwenzake kakosea kunakili.

Kuhusu kompaila yenyewe sina mengi, maana ndiye msemaji anayejieleza vizuri kuliko wote. Anakupa jina la faili, namba ya mstari, hata nafasi ya herufi, na siku hizi anachora na kimshale chini ya pale anapoona tatizo. Soma kosa la juu kabisa, uliache lililobaki. Nukta-mkato moja iliyosahaulika inaweza kuzaa makosa ishirini ya uongo chini yake. Na ukumbuke kwamba anaonyesha pale alipogundua mambo hayaendi, ambapo mara nyingi ni mstari mmoja baada ya pale ulipokosea wewe.

Ila kuna sauti yake ya chini ambayo watu hawaisikii, kwa sababu hawakuiomba: maonyo. Weka -Wall kila mara, na -Wextra ukiweza. Kwa mfano, ukiandika if (x = 5) ukiwa umekusudia alama mbili za sawasawa, C inakubali, x inageuzwa kuwa 5 na sharti linakuwa kweli daima. Ukiwa na -Wall utaonywa. Ukitaka kuona jinsi alama moja ilivyo na uzito, tazama kilichotokea Novemba 2003. Mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili kwenye nakala ya msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ndani yake mkiwa na current->uid = 0. Ikisomwa haraka inaonekana inauliza kama mtumiaji ni root, yule mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta. Ukweli ni kwamba inamfanya awe root. Alikuwa fundi, kwa sababu alikifunga kipande hicho kwenye mabano yake, na mabano hayo ndiyo yanayomnyamazisha GCC asitoe onyo lile. Alikamatika kwa njia nyingine: badiliko hilo lilikuwa kwenye nakala ya CVS tu, halikulingana na hifadhi kuu ya BitKeeper (yote miwili ni mifumo ya kutunza matoleo ya msimbo), na watunzaji wakaliona.

Kabla sijaachana na kompaila, kuna mchezo mmoja nawapa wenye simu. Andika fanksheni inayojumlisha 1 mpaka 100 kwa kitanzi cha for, hifadhi kama jumla.c, kisha uandike clang -O2 -S jumla.c. Fungua faili la jumla.s, yaani asembli iliyotoka. Kile kitanzi ulichokihangaikia hakipo. Kwenye simu yenye prosesa ya ARM ya biti 64 utakuta kitu kama hiki:

mov w0, #5050
ret

Kompaila kaipiga hesabu yote mwenyewe, kaandika jibu, kaondoka. Nimeona vijana wakiacha kuogopa asembli kwa sababu ya mistari hiyo miwili.

Turudi kwa linka, maana ndiye anayeleta ujumbe mwingi kwenye simu yangu. Kazi ya linka ni ya zamani kuliko Unix. Grace Hopper alipotengeneza mfumo wake wa A-0 kwa ajili ya UNIVAC, mwaka 1952, alichofanya zaidi kilikuwa kuchukua vipande vya programu vilivyokuwa tayari kwenye utepe, vikiitwa kwa namba, na kuviunganisha. Kwa macho ya leo hiyo ni kazi ya linka na loda, mpakiaji wa programu, kuliko ya kompaila.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniandikia akiwa na hakika kompyuta yake ina wazimu. Programu yake ilikuwa na sqrt(16.0), ikakompailiwa na kutoa 4 bila shida. Akaibadilisha mtumiaji aingize namba yake, ikawa sqrt(x), akapata hii:

/usr/bin/ld: /tmp/ccq3Xk1a.o: in function `main':
mzizi.c:(.text+0x3c): undefined reference to `sqrt'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Hasira yake ilikuwa na haki. Fanksheni ileile, faili lilelile, #include <math.h> ipo juu kabisa. Iweje jana ijulikane na leo isijulikane?

Ukiuliza kasema nani, jibu limeandikwa mwanzoni mwa mstari wa kwanza: ld. Kompaila hajalalamika kabisa. Yeye aliiona math.h, akajua sqrt inapokea nini na kurudisha nini, akaandika kwenye faili la .o, kipande kinachosubiri kuunganishwa, kwamba hapa aitwe sqrt, nani ataileta mimi sijui. Faili la heda lina ahadi tu ya fanksheni, mwili wake hauko humo. Miili ya fanksheni za hesabu iko kwenye maktaba iitwayo libm, na linka haitazami huko mpaka umwambie:

gcc mzizi.c -o mzizi -lm

Na ile sqrt(16.0) ya jana? Kompaila aliona namba isiyobadilika, akapiga hesabu mwenyewe papo hapo, akaandika 4. Sqrt haikuitwa kabisa, kwa hiyo linka hakuwa na cha kutafuta. Ni ujanja uleule wa 5050. Binti alinijibu kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nzima, nusu yake kicheko.

Angalia pia nilipoiweka -lm: mwishoni. Kwenye Ubuntu ukiandika gcc -lm mzizi.c -o mzizi utapata kosa lilelile, na hapo wengi hukata tamaa kabisa, kwa sababu wameshafanya walichoambiwa. Linka anasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Akifika kwenye maktaba anauliza kuna anayeihitaji mpaka sasa? Hakuna, maana mzizi.c bado hajaifikia. Anaiacha, anaendelea mbele, na harudi nyuma.

Kuna msemaji mwingine ambaye huja kazi ikiwa imeisha, na huyo huwakuta waliokwisha jiona mafundi. Umekompaili kwenye laptopu yako yenye Ubuntu 22.04, programu inaruka vizuri, umeiweka kwenye fleshi, umeipeleka kwenye kompyuta za maabara zenye Ubuntu 20.04:

./salamu: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found

Anayesema hapa ni loda, anayepakia programu kwenye kumbukumbu kabla haijaanza. Programu yako haikubeba printf. Imebeba barua tu inayosema nipewe libc, maktaba ya fanksheni za kawaida za C. Ukiandika ldd ./salamu utaiona orodha ya inavyovitegemea. Na barua hiyo iliandikwa kwenye mashine yenye glibc (libc ya Ubuntu) toleo la 2.35, ikataja vitu vya 2.34, toleo la Agosti 2021. Maabara wana 2.31. Kompaili kwenye mashine yenye mfumo wa zamani, maana programu iliyojengwa huko itaendeshwa mbele, ya mbele haitarudi nyuma. Au tumia -static, maktaba iingie ndani ya programu. Salamu ya kilobaiti kama 16 itanenepa ikaribie megabaiti, lakini haitaomba kitu kwa mwenyeji. (Toleo hilohilo la 2.34 ndilo lililoziunganisha libpthread na libdl ndani ya libc. Libm wakaiacha nje, kwa hiyo -lm tutaendelea kuandika.)

"Segmentation fault" ni ya kerneli, ingawa maneno huandikwa na sheli. Programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, kerneli imeiua. Usikodolee macho msimbo. Kompaili upya kwa -g -fsanitize=address, uendeshe tena, utatajiwa mstari wenyewe.

Limebaki kosa ambalo halisemwi na yeyote. Umerekebisha msimbo, umeendesha programu, tatizo lipo vilevile. Unarekebisha tena, lipo. Unaanza kuhisi umerogwa. Hujakompaili upya faili mojawapo, unaendesha programu ya juzi. Hili liliwapata wakubwa pia: Stuart Feldman wa Bell Labs amesimulia kwamba Steve Johnson, mwandishi wa programu ya yacc, alimjia akifoka baada ya kupoteza asubuhi nzima akitafuta hitilafu kwenye programu iliyokuwa imesharekebishwa, ila faili halikuwa limekompailiwa upya. Feldman akatengeneza make, mwaka 1976. Make inalinganisha saa za mafaili, na lililobadilika ndilo linalokompailiwa. Kwa programu ya faili moja huhitaji hata kuandika Makefile. Andika make salamu nayo itajua yenyewe kuita cc.

Mafaili yakiwa mengi unaandika Makefile, na hapo utakutana na "missing separator". Msemaji ni make mwenyewe, na anachotaka ni tab mwanzoni mwa mstari wa amri pale ulipoweka nafasi za kawaida. Feldman aliujua ubaya huo mapema, lakini make ilikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi na hakutaka kuwavurugia kazi. Programu nyingi za kuandikia msimbo, za simu hasa, hugeuza tab kuwa nafasi kimyakimya. Tafuta kwenye mipangilio, uizime kwa mafaili ya Makefile.